Anataka kununua filamu yangu "na haki zote". Nisaini?

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Tanga. Nina miaka 29, nilisomea sanaa za ufundi chuo kikuu Dar es Salaam, na tangu nimalize nafanya kazi mbili ambazo kila mtu ananiambia hazikai zizi moja. Katikati ya wiki nachora kwa makaa, kwenye karatasi na kwenye magunia ya mkonge, mengine makubwa kufika urefu wa mlango. Wikiendi nabeba kamera: harusi, sendofu, mahafali. Huwa ni kamera namba mbili kwenye timu ya rafiki yangu. Kwa siku ananilipa 80,000, na nikimfanyia editing nyumbani anaongeza kidogo.

Babu yangu mzaa mama alikuja Tanga kutoka Kasulu akiwa manamba, na hakurudi tena kwao. Alikata mkonge miaka mingi, macho yakaanza kumsumbua, akahamishiwa korona, yaani kiwanda cha kuchakata majani ya mkonge. Alipofariki nikaanza kwenda kwenye lile shamba alilofanyia kazi. Mwanzo nilikuwa nachora tu, baadaye nikaanza kurekodi: toroli zinavyoingia na majani, mashine inavyoyameza, maji ya kijani yanavyotiririka chini na ile harufu yake ya uchachu, akina mama wanavyoanika singa, zile nyuzi za mkonge, mpaka uwanja mzima unageuka mweupe. Wazee wawili waliomfahamu babu walikubali kuongea mbele ya kamera. Nilipata na picha za enzi ya Mjerumani na Mwingereza, nyingine vitabuni, nyingine mtandaoni. Hizo nikazichora kwa makaa, nafuta, nachora tena, napiga picha kila hatua, mpaka watu wakawa wanatembea.

Kazi nzima ina dakika 14. Mwaka huu niliionyesha Dar kwenye kituo kimoja cha sanaa, ikimulikwa kwenye kuta tatu, na michoro pembeni.

Sasa mambo yamenijia kwa mpigo. Mgeni mmoja wa Ulaya anayekusanya kazi za sanaa amenitumia karatasi ya ukurasa mmoja. Ananunua filamu kwa shilingi milioni 4, nami namkabidhi "haki zote, kwa njia zote, duniani kote, bila kikomo cha muda", pamoja na picha zote ghafi. Wiki hiyohiyo tamasha la filamu la nje likaniandikia kwamba wanaitaka, mradi isiwe imewekwa mtandaoni. Halafu kuna prodyuza wa Nairobi aliyeiona. Anasema humo ndani mna filamu ndefu ya dakika 80, na yuko tayari kutafuta fedha, ila anataka niache "mambo ya makaa na kuta tatu" niwe dairekta kamili. Mwalimu wangu wa zamani naye anavutia upande wake: anasema mchoraji akishaingia kwenye filamu mkono unakufa, na kwamba hizo harusi zimeshaanza kuniharibu.

Kana kwamba hayo hayatoshi, rafiki yangu mwenye timu ya harusi anadai nusu ya filamu ni yake, kwa sababu kamera na lenzi vilikuwa vyake na yeye ndiye aliyerusha droni. Na mama kila jioni ananiuliza: "Watu wakiniuliza unafanya kazi gani, nisemeje?"

Milioni 4 kwangu ni hela ndefu, Mjomba. Kodi ya chumba ninachochorea inaisha mwezi ujao. Nichague nini, uchoraji au filamu? Na ile karatasi nisaini?

Mtoto wa Korona, Tanga

*

Marahaba, mpwa wangu.

Hiyo karatasi usiisaini. Sisemi mgeni wako ni tapeli. Inawezekana ameinakili kutoka mkataba wa kazi ya tangazo la biashara, na hajui kwamba video ya sanaa haiuzwi hivyo. Lakini ukiisoma ilivyoandikwa, unachomuuzia kinazidi hizo dakika 14. Unamuuzia sauti za wale wazee, korona yote uliyoirekodi na kuiweka kwenye hadidiski, na ruhusa ya wewe mwenyewe kuigusa tena. Prodyuza wako akienda kuomba fedha, jambo la mwanzo mfuko wowote wa filamu utakalotaka kuona ni nyaraka za umiliki, kuanzia wazo mpaka picha ya mwisho. Atajibu nini? Kwamba mwenye mali yuko Ulaya. Filamu ndefu imefia hapo, kwa milioni 4. Na hilo tamasha nalo litalazimika kumwomba ruhusa yeye, wewe ukiwa mtazamaji.

Mtu akinunua doti ya kanga Kariakoo anaweza kuivaa, kuitoa zawadi, hata kuiuza. Haki ya kwenda kiwandani kuichapa upya hakuinunua. Video kwenye galari inauzwa kwa mtindo huo. Msanii anatangaza tangu mwanzo nakala zitakuwa ngapi, tuseme tano, na kwa kawaida anajiwekea moja au mbili za kwake. Zikishatangazwa tano, ya sita haipo, hata aje tajiri na begi. Kila mnunuzi anapata faili la ubora wa juu, nakala nyepesi ya kuangalizia, na cheti chenye sahihi yako na namba: 1/5, 2/5, hivyo hivyo. Anapata pia maelezo ya namna ya kuionyesha. Kwako hayo ni mambo ya msingi: kuta ngapi, zinatazamanaje, sauti itoke wapi, chumba kiwe na giza kiasi gani. Usipoyaandika, siku moja utaikuta korona ya babu yako inazunguka kwenye televisheni ya sebuleni, bila sauti, watu wakila.

Cheti ndicho kinachoshika thamani. Faili linaweza kunakiliwa na mtoto wa darasa la tano, lakini bila cheti hakuna atakayelinunua tena kama kazi yako. Mwenye cheti anaonyesha nyumbani kwake, anaazimisha makumbusho kwa maonyesho, anauza akichoka nayo, akiiambatanisha na cheti hicho hicho. Haruhusiwi kuikata, kuirusha kwenye televisheni, kuiweka mtandaoni wala kuuza tiketi za kuiona. Umruhusu kutunza nakala moja ya akiba, na kuhamisha faili kwenye mfumo mpya teknolojia ikibadilika, kwa kukutaarifu. Picha ghafi hazihusiki kabisa. Hakimiliki inabaki kwako.

Bei je? Milioni 4 kwa haki zote ni kutupa. Milioni 4 kwa nakala namba moja kati ya tano, kwa msanii ambaye bado hana galari inayomuuza, hapo pana la kuzungumza. Ukumbuke kwamba galari kwa kawaida huchukua karibu nusu ya bei, na huyu amekuja moja kwa moja. Nakala za mwanzo huuzwa chini kidogo, za mwisho hupanda. Anza juu ya hiyo aliyotaja, umwachie nafasi ya kushuka. Lakini yule atakayefuata usimuuzie chini ya bei ya huyu. Wakusanyaji wanaambiana.

La tamasha ni fupi. Waulize kwa maandishi kama maonyesho ya Dar yanahesabika kuwa umeshaizindua, na waeleze kwamba ilionyeshwa kwenye kuta tatu. Mara nyingi wanachojali ni tamasha jingine na mtandao. Utahitaji kuiunganisha iwe ya kioo kimoja badala ya kuta tatu, na hiyo ni siku kadhaa za kuediti. Watumie kiungo chenye nywila. Hapa nyumbani, kama hujapitia Bodi ya Filamu, pitia kabla hujaionyesha tena hadharani.

Sasa lile swali lako kubwa, uchoraji au filamu.

Nikuelekeze kwa Sammy Baloji, msanii wa Kongo. Alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, kwenye mji unaoamka na kulala kwa Kiswahili, ingawa Kiswahili chao kina chumvi yake. Alianza na vibonzo. Kamera aliiazima ili apate picha za kuchorea vibonzo hivyo, yaani kamera iliingia nyumbani kama kibarua wa mchoro. Mwaka 2006 akatoa kazi aliyoiita Mémoire. Alipiga picha pana, za rangi, za viwanda na migodi iliyochakaa ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, halafu juu yake akabandika watu aliowatoa kwenye nyaraka za ukoloni: vibarua weusi waliopangwa mstari, wengine na minyororo, mabwana wa Kibelgiji kando yao, wote wakiwa katika picha za rangi nyeusi na nyeupe, katikati ya vyuma vyenye kutu ya leo. Unamtazama kibarua, naye anakutazama, na nyuma yake kiwanda kimekufa. Mwaka huohuo akatoa filamu fupi juu ya mambo hayohayo, akishirikiana na mcheza dansi Faustin Linyekula. Unaona mwenyewe kwamba swali moja lilikuwa limeshatoka kwa milango miwili.

Mwaka 2008 yeye na wenzake wakaanzisha kituo cha Picha palepale Lubumbashi, ambacho kimekuwa kikiandaa maonyesho makubwa ya kila baada ya miaka miwili. Mwaka 2015 alikuwa kwenye maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice, Italia, na 2017 kwenye documenta, maonyesho makubwa ya sanaa ya Ujerumani. Filamu ndefu? Ya kwanza aliiongoza na mwenzake, kuhusu bendi ya rumba ya Kinshasa, ikatoka 2020. Ya kwake peke yake, The Tree of Authenticity, ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Rotterdam mwaka 2025 na kupewa tuzo maalumu ya majaji. Inahusu Yangambi, kituo cha utafiti wa kilimo ambacho Wabelgiji walikijenga ndani ya msitu wa Kongo. Kutoka Mémoire mpaka hapo ni karibu miaka 20, na katikati yake kuna picha, kazi za shaba, filamu fupi na maonyesho, vyote kwa pamoja. Kwa hiyo prodyuza akikuambia "sasa au basi", mwache aseme.

Ninachokuonyesha kwa Baloji ni kwamba hakuzunguka dunia akitafuta mada. Anarudi palepale: madini, mashamba, mikono ya watu na nyaraka za waliowatumikisha. Wewe unao mkonge. Union Minière, kampuni iliyozaa Gécamines, ilitaifishwa mwaka 1967. Mwaka huohuo, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi ya mkonge ya Tanga nayo yakaingia mikononi mwa serikali. Kama babu yako alikuwa bado korona wakati huo, umewauliza wale wazee ilikuwaje? Nani aliondoka, nani alikalia kiti chake, msimamizi aliitwaje siku iliyofuata? Kwenye barua yako hilo halimo, na mimi ningelipa tiketi kulisikia.

Halafu kuna hili. Mkonge wenyewe uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Aliagiza miche kutoka Florida ikapitia Hamburg, na iliyofika hai na kupandwa ilikuwa 62. Fikiria miche 62 imejikunyata ndani ya meli. Hakuna filamu ya tukio hilo na haiwezi kuwapo, maana ndugu Lumière walianza kuonyesha sinema zao Paris mwaka 1895. Sasa huyo prodyuza anayekutaka uache makaa, hiyo safari ataionyesha kwa kitu gani? Kwa mtaalamu aliyekaa mbele ya rafu ya vitabu? Makaa yako yanaweza kubeba sehemu za filamu ndefu ambazo kamera haikuwahi kufika. Kuhusu urefu yuko sahihi, mimi mwenyewe nikisoma maelezo yako nazihisi dakika 80. Kuhusu makaa anakosea, na umwambie hivyo mapema, kabla hajaandika maombi ya fedha yanayomwahidi mtu filamu ya aina nyingine.

Umwombe na jambo la pili: kwenye mkataba wake, kazi ya galari na filamu ndefu ziandikwe kama kazi mbili zinazotumia malighafi moja, na ile ya galari ibaki yako. Hutakuwa wa kwanza kuomba hivyo. Shirin Neshat, mzaliwa wa Iran anayeishi Marekani, alianza na picha za mnato, akaja video za kuta mbili, halafu akachukua riwaya moja ya mwandishi wa kwao Shahrnush Parsipur akaifanyia kazi miaka kadhaa. Kwenye galari ilitoka kama video tano zinazojitegemea, ya kwanza mwaka 2004. Sinema ilipata filamu moja ndefu, na mwaka 2009 ikampa tuzo ya uongozaji kwenye tamasha la filamu la Venice. Anayetaka kusimama na kuzunguka ukutani alikuwa na ya kwake, anayetaka kukaa gizani na kufuata hadithi alikuwa na ya kwake.

Mwalimu wako na lile la mkono kufa, mjibu kwa adabu kisha urudi kazini. William Kentridge wa Johannesburg amekuwa akichora kwa makaa, akifuta, akichora juu ya karatasi ileile na kupiga picha kila hatua tangu 1989, na mkono wake bado uko hai. (Utaambiwa unamwiga. Jiandae na jibu, na jibu zuri liko kwenye magunia. Yeye anachora kwenye karatasi, wewe unachora juu ya singa ileile aliyoishughulikia babu yako. Mimi ningehamishia gunia hata ile michoro inayotembea.) Steve McQueen wa London alipewa Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwaka 1999 kwa kazi za galari, akatoa filamu ndefu ya kwanza 2008, filamu yake ikachukua Oscar ya filamu bora 2014, na 2023 akawa amerudi galari na kazi kuhusu jengo la Grenfell lililoungua huko London. Sijui wasomi wetu walilipata wapi hili wazo kwamba msanii ni lazima awe na kifaa kimoja.

Harusi nazo zisikutie aibu. Nimewahi kuwaona wahitimu wenye shahada nzito wakishindwa kumfuata bibi harusi kutoka mlangoni mpaka jukwaani bila kukata vichwa vya mashangazi. Wewe unajua kwamba mama mzaa chema akianza kulia harudii. Unajua kusimama pasipomzuia mtu kucheza, na unajua betri inaisha saa ngapi bila kuitazama. Ndiyo maana wale wazee wa korona waliongea: walikuona umesimama mahali pako. Endelea na harusi. Zinalipa umeme, na hakuna mfuko wa sanaa unaotoa fedha kila Jumamosi.

Rafiki yako ni jambo la kumaliza mwezi huu. Kumiliki kamera hakumfanyi mtu kuwa mtunzi, ingekuwa hivyo duka la kukodisha vifaa lingekuwa na filamu nyingi kuliko watu wote. Lakini droni alirusha yeye, na kama yeye ndiye aliyechagua aelekee wapi na ashuke lini, ana hoja juu ya picha hizo na anastahili jina lake mwishoni. Kaeni chini mwandikiane. Unakiri mchango wake na kumtaja kama mpiga picha wa angani. Unamlipa kiasi mnachokubaliana, au asilimia ndogo ya kila nakala itakayouzwa. Naye anakuachia kutumia picha alizopiga kwenye kazi hii na kazi zitakazotokana nayo, pamoja na filamu ndefu. Hicho kipengele cha mwisho ndicho watu husahau. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inakulinda tangu kazi inapotungwa, hata kabla hujaisajili, ila nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukaisajili, maana siku ya ugomvi ushahidi wa tarehe ni mali. Na fanyeni haya sasa, wakati kinachogombewa bado ni kidogo. Urafiki wa watu wa kamera huwa unavunjika fedha ikishaonekana.

Kuna mambo ambayo hukuuliza lakini umeyapitisha haraka kwenye barua. Zile picha za Mjerumani na Mwingereza. Kuichora picha ya mtu kwa makaa hakukuondolei wajibu wa kujua ilitoka wapi. Andika orodha: kila picha, kitabu gani au tovuti gani, nyaraka za wapi, mpiga picha ni nani kama anajulikana. Nyingine zitakuwa za zamani kiasi kwamba hakimiliki imekwisha, lakini taasisi inayozitunza inaweza bado kuwa na ada na masharti ya nakala zake. Kwa maonyesho ya Dar hakuna aliyekuuliza. Kwa filamu ya dakika 80 utaulizwa picha moja moja. Ukianza leo ni kazi ya jioni chache, ukisubiri prodyuza aulize itakuwa ya miezi.

Na wale wazee wawili. Kukubali kuongea mbele ya mjukuu wa marehemu rafiki yao ni jambo moja, sauti zao kununuliwa na mtu wa Ulaya ni jambo jingine kabisa. Rudi kwao na laptopu, waonyeshe kazi yote, waeleze inakwenda wapi, na wakikubali warekodi wakisema hivyo kwa maneno yao, pamoja na karatasi wataitia sahihi au dole gumba. Ikiuzwa, wapate chochote. Usisubiri wakuombe, watu wa umri huo hawataomba. Uongozi wa shamba nao uwe na barua yako kwenye faili lao, kwa sababu ruhusa ya mdomo ya msimamizi inaondoka na msimamizi.

Kodi ya chumba. Hili nalijua linakukereketa kuliko yote, na nadhani ndilo lililokufanya uifikirie ile karatasi. Jibu lako liko ukutani: uza michoro. Kentridge anapomaliza filamu hubaki na michoro iliyotumika, ile hatua ya mwisho ya kila karatasi, ikiwa na madoa ya yote yaliyofutwa, na hiyo hutundikwa na kuuzwa kama kazi kamili. Wewe unayo ya maonyesho na unayo iliyobaki kwenye video. Chagua michache, ipigie picha kwenye mwanga wa asubuhi, iandikie ukubwa na mwaka na bei, na orodha hiyo mpelekee kila aliyekuja kwenye maonyesho akaacha namba yake. Mchoro ukiuzwa hauondoki na filamu. Ila ule unaoupenda kuliko yote usiutoe, utauhitaji siku makumbusho yakikuuliza una nini cha mwanzo.

Mama mwambie aseme binti yake ni msanii wa picha. Wakimuuliza za kuchora au za video, akujibie "zote" na aendelee na mboga zake.

Kilichobaki ni kumjibu mgeni wako, na usichelewe asije akadhani umenuna. Iweke kwenye lugha mnayoandikiana:

"Asante kwa kuipenda kazi yangu. Ningefurahi uwe nayo. Kazi hii inatolewa kwa nakala tano, na mbili za msanii. Ninachoweza kukuuzia ni nakala namba 1/5, pamoja na cheti, faili kuu na maelezo ya kuionyesha. Hakimiliki, picha ghafi, maonyesho ya matamasha na matumizi kwenye filamu ndefu vinabaki kwangu. Nimeambatanisha rasimu ya mkataba na bei. Ukiwa tayari, naomba tuongee wiki hii."

Rasimu mpe mwanasheria aisome kabla hujaituma, hata kama ni wa kumlipa kwa mchoro. Akikataa sharti la picha ghafi, basi, muage kwa heshima. Akikubali, niandikie unieleze. Bei usinitajie, hiyo ni yako na yeye.